Gari la Upepo na Barabara ya Msambweni: Ahadi, Hesabu na Hukumu

Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei mpya za mafuta, na zikipanda, swali lile lile huzuka upya kwenye steji za Ukunda na Msambweni, kaunti ya Kwale, Pwani ya Kenya: hivi hakuna gari linaloweza kwenda bila petroli? Oktoba 2023, lita ya petroli ilipovuka shilingi 210 na dizeli ikapita 200, swali hilo liliuma zaidi. Miongoni mwa majibu yanayozunguka kwenye simu za watu ni video za gari linalotembea kwa upepo, yaani hewa iliyoshindiliwa ndani ya mtungi. Wapo wanaoziamini papo hapo, kwa hoja kwamba ikiwa fundi wa pancha anajaza tairi kwa shilingi chache, hewa ni mali ya bure. Wapo pia wanaozikataa papo hapo na kuziita utapeli mtupu.

Pande zote mbili zina haraka. Hewa iliyoshindiliwa imewahi kuendesha tramu kwa miongo kadhaa, na kampuni kubwa ya magari ya Ulaya iliwahi kuwekeza fedha na wahandisi katika gari mseto la hewa na petroli. Teknolojia hiyo ni ya kweli. Swali la maana ni kama hewa inafaa kazi inayopewa, na kama inaifanya kwa gharama ndogo kuliko wapinzani wake. Makala hii inapima jambo hilo kwa macho ya mtu anayetumia barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga.

Mambo manne yanayochanganywa

Sehemu kubwa ya mkanganyiko hutokana na kuweka vitu vinne tofauti katika kapu moja.

Cha kwanza ni gesi asilia. Magari na bajaji nyingi za Dar es Salaam hubeba mtungi wa gesi iliyoshindiliwa hadi bar 200 hivi, yaani karibu mara 200 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta. Gesi hiyo, ambayo Tanzania imekuwa ikiivuna Songo Songo tangu 2004, ni mafuta sawa na petroli: huungua ndani ya injini na kutoa joto. Anayeuona mtungi kwenye buti ya gari lililovuka mpaka wa Lunga Lunga ameona gari la gesi.

Cha pili ni gari la hewa tupu. Hapa hakuna kinachoungua. Kompresa ya umeme huishindilia hewa ndani ya mtungi, kisha barabarani hewa hiyo huachiliwa kidogo kidogo isukume pistoni. Hewa si chanzo cha kawi. Ni chombo cha kuibeba kawi iliyotoka kwenye umeme.

Cha tatu ni gari mseto. Injini ya petroli au dizeli inabaki pale pale, na mtungi unakuwa msaidizi wake. Gari likifunga breki, mwendo wake hutumika kushindilia hewa badala ya kupotea kama joto kwenye breki. Likiondoka tena, hewa ile hulisukuma na kuipunguzia injini kazi.

Cha nne ni gari linalodaiwa kujijaza lenyewe njiani, kwa kompresa iliyofungwa kwenye magurudumu, bila injini wala umeme wa nje. Hiki tukiondoe mezani mapema. Kompresa hiyo hula kawi nyingi kuliko ile ambayo hewa yake itarudisha, na gari litasimama mapema kuliko kama lisingekuwa nayo. Hakuna ufundi unaoweza kukwepa sheria hiyo ya fizikia, na anayeomba fedha za kuendeleza gari kama hilo anaomba fedha za kitu kisichowezekana.

Wazo kongwe lenye mafanikio machache

Hewa iliyoshindiliwa ilipata heshima mapema. Katika mji wa Nantes, Ufaransa, tramu za hewa za mfumo wa Mékarski zilibeba abiria kuanzia 1879 hadi 1917. Zilifanikiwa kwa sababu njia yao ilikuwa fupi, vituo vya kujaza vilijulikana, na hewa ilipitishwa kwenye maji ya moto ili isipoe mno ilipokuwa ikitanuka. Migodi nayo ilitumia vichwa vya treni vya hewa, kwa kuwa havitoi cheche wala moshi ndani ya shimo. Umeme ulipofika na kuwa nafuu, tramu hizo ziliachwa.

Ndoto ilifufuliwa na mhandisi Mfaransa Guy Nègre, aliyeanzisha kampuni ya MDI mnamo 1991. Kwa miaka mingi MDI iliahidi magari madogo ya bei rahisi yenye mitungi ya bar 300 hivi. Februari 2007 kampuni ya Tata Motors ya India ilinunua haki ya kutumia teknolojia hiyo, na 2012 ikatangaza kwamba awamu ya kwanza ya majaribio imekamilika. Nègre alifariki 2016. Hadi leo hakuna gari la hewa la Tata lililofika sokoni.

Upande wa mseto, jaribio kubwa lilikuwa la PSA Peugeot Citroën. Januari 2013 kampuni hiyo, ikishirikiana na Bosch, ilionyesha mfumo ulioitwa Hybrid Air: injini ndogo ya petroli, pampu na mota ya haidroliki, na mtungi ambamo mafuta ya haidroliki hubana gesi. Ilidai gari dogo lingetumia lita 2.9 kwa kilomita 100 katika vipimo vya Ulaya, na akiba ya hadi asilimia 45 mjini. Lilitarajiwa kuuzwa kufikia 2016. Halikuuzwa. PSA ilikuwa katika dhiki ya fedha, hata serikali ya Ufaransa na kampuni ya Dongfeng ya China zikalazimika kuingiza mtaji 2014. Mradi ulihitaji kampuni nyingine kubwa igawane gharama, na haikupatikana. Ilipofika 2015 ulikuwa umewekwa kando.

Mafunzo ya hadithi hizi mbili hayafanani. Gari la hewa tupu lilikwama kwenye fizikia. La mseto lilifanya kazi likakwamishwa na fedha, pamoja na mpinzani aliyekuwa akiimarika kila mwaka: betri.

Mtungi wa Diani unabeba nini?

Ili kuona kizuizi cha fizikia, hatuna haja ya kwenda Ufaransa. Vituo vya kupiga mbizi vya Diani, ufuoni karibu na Ukunda, hushindilia hewa kila siku. Mtungi wa lita 12 hujazwa hadi bar 200, ukiwa na uzito wa kilo 14 au 15 bila hewa. Ukijazwa haraka, chuma hupata joto la kuhisiwa kwa kiganja. Ukipoa, mshale wa geji hushuka. Na kwa kuwa hewa ya Pwani ina unyevu mwingi, mara kwa mara mhudumu hufungua koki ya kichujio, na maji yaliyochanganyika na mafuta ya kompresa yakaruka nje.

Mtungi huo, kwa hesabu ya juu kabisa inayoruhusiwa na fizikia, una takriban uniti 0.29 za umeme, uniti moja ikiwa kilowati-saa ile ile tunayoinunua kwa tokeni. Lita moja ya petroli ina karibu uniti 9. Kwa hiyo mtungi mzima, mzito kiasi cha kuuchosha mgongo, una kawi ya mililita 32 za petroli, kama vijiko viwili vya mezani. Betri ya lithiamu ya gari yenye uzito huo huo hubeba karibu mara saba zaidi.

Tuukuze mtungi ufikie ule wa gari la hewa: lita 300 kwa bar 300, wa nyuzi za kaboni ili uwe mwepesi. Kikomo chake ni karibu uniti 12, sawa na lita moja na theluthi ya petroli. Tumpe mtetezi haki yake: injini ya petroli hupoteza robo tatu ya kawi yake kama joto, ilhali mota nzuri ya hewa inaweza kutumia nusu ya hewa yake. Basi mtungi huo ungefanya kazi ya lita zisizofika tatu za petroli. Gari dogo jepesi lingetoka Msambweni na kufika Likoni, kilomita 55 hivi, kwa shida. Kisha lingehitaji kujazwa kabla ya kurudi.

Joto ndilo linalokula akiba

Kwa nini kuna upotevu mkubwa hivyo? Hewa ikishindiliwa hupata joto kali, na joto hilo ni kawi iliyolipiwa. Mtungi ukipoa, kawi hiyo imekwenda. Hewa ikiachiliwa, kinyume chake hutokea: hupoa sana, nguvu yake hupungua, na unyevu uliomo huweza kuganda kuwa barafu ndani ya mota.

Hali ya hewa ya Pwani inakata pande mbili hapa. Joto la mazingira husaidia, kwani hewa baridi inayotanuka hulinyonya na kupata nguvu kidogo zaidi kuliko ingepata katika baridi ya Ulaya. Baridi inayobaki ingeweza hata kupoza abiria. Lakini unyevu huongeza kazi ya kukausha hewa kabla ya kuishindilia, na chumvi ya bahari hula vali, viungo na mitungi ya chuma. Ndiyo maana mitungi ya kupiga mbizi hukaguliwa mara kwa mara na kupimwa kwa mgandamizo wa maji kila baada ya miaka michache.

Tujumlishe mnyororo wote. Kuujaza mtungi wetu wa lita 300 kwa kompresa halisi kungekula uniti zipatazo 20 za umeme, ili gari liende kilomita 50 hivi. Gari dogo la betri, kwa uniti hizo hizo 20, hupita kilomita 100. Utafiti uliochapishwa 2009 na Felix Creutzig, Daniel Kammen na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulifikia hukumu hiyo hiyo: hata kwa makadirio ya ukarimu, gari la hewa tupu hushindwa na gari la betri kwa ufanisi na kwa uchafuzi. Hata hivyo, watafiti hao hao waliona kwamba mseto wa hewa na injini unawezekana kiufundi, kwa gharama ndogo, na siku moja ungeweza kushindana na mseto wa umeme. Sehemu hii ya pili ya hukumu yao husahaulika, nayo ndiyo yenye uzito zaidi kwetu.

Mseto: kazi inayoufaa mtungi

Mtungi ule ule usiofaa kuwa tangi la safari unafaa sana kuhifadhi kawi ya breki. Chukua matatu ya abiria 14, yenye uzito wa tani tatu ikiwa imejaa, ikienda kilomita 50 kwa saa. Kawi ya mwendo wake ni uniti 0.08 tu. Mtungi wa mpiga mbizi wa Diani unaweza kuipokea yote, na kubaki na nafasi ya vituo viwili zaidi. Tena hewa hupokea na kutoa kawi kwa kasi kubwa, ndani ya sekunde chache ambazo dereva hukanyaga breki, kazi inayoziumiza betri ndogo. Mtungi haudhoofiki kwa kujazwa na kumwagwa mara maelfu, wala hauhitaji lithiamu, kobalti au nikeli.

Faida hizo si za kubuni. Watafiti wa ETH Zurich waliokuwa na Lino Guzzella walijenga injini inayotumia silinda zake zenyewe kushindilia na kutumia hewa, na wakaeleza akiba iliyokaribia theluthi ya mafuta, sehemu kubwa ikitokana na kuweka injini ndogo inayopigwa jeki na hewa. Nchini Marekani, shirika la mazingira la serikali, EPA, lilishirikiana na kampuni ya usafirishaji wa vifurushi UPS kuanzia 2006 kujaribu magari mseto ya haidroliki, ambayo nayo huhifadhi kawi ya breki kwa kubana gesi. Malori ya kuzoa taka, yanayosimama kila nyumba, yalikuwa wateja wengine wa teknolojia hiyo.

Udhaifu wa mseto ni kwamba akiba yake hutegemea breki tu. Pasipo breki, hakuna cha kuhifadhi. Gari linaloenda mwendo mmoja kwa saa nzima limebeba mtungi, pampu na mabomba kama mzigo. Udhaifu wa pili ni kwamba mafuta bado yananunuliwa, hata kama ni machache. Wa tatu ni wa ufundi: pampu hupiga kelele, viungo huvuja, na mtungi wenye mgandamizo mkubwa hauvumilii gereji ya kubahatisha.

Hoja za wapinzani

Mpinzani wa kwanza ni gari la betri. Kenya ina bahati hapa: takriban asilimia 90 ya umeme wake hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Aprili 2023 Kenya Power ilianza kutoza bei maalumu ya kuchaji magari, wakati huo shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 nyakati za matumizi madogo, kabla ya tozo. Mabasi ya BasiGo yalianza kubeba abiria Nairobi 2022, na Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua pikipiki za umeme mjini Mombasa. Upungufu wa gari la betri unajulikana: bei ya kununua iko juu, huduma za kuchaji na kubadilisha betri zimejikita mijini, na umeme hukatika. Agosti 25, 2023, nchi karibu nzima iliingia gizani kwa saa nyingi. Lakini ikumbukwe kwamba kompresa ya gari la hewa nayo huzimika siku hiyo hiyo, na kwa safari ile ile ilikuwa ikila umeme mara mbili.

Mpinzani wa pili ni haibridi ya Kijapani ya mtumba, kama Toyota Aqua au Prius, inayoshushwa bandarini Mombasa kila mara. Hii tayari inafanya kazi ile ile ambayo mseto wa hewa uliahidi: huvuna kawi ya breki na kuirudisha, ila kwa betri. Nguvu yake ni kwamba ipo, spea zake zipo, na mafundi wanaoielewa wanaongezeka. Udhaifu wake ni betri iliyozeeka. Kenya huruhusu kuingiza magari yasiyozidi miaka minane, kwa hiyo mnunuzi hupokea betri iliyokwisha tumika, na joto la Pwani haliipi unafuu. Hapa mseto wa hewa ungekuwa na hoja ya nguvu, kwa kuwa mtungi wa miaka minane uliotunzwa hupoteza kidogo sana. Hoja hiyo inakosa kitu kimoja tu: gari lenyewe.

Mpinzani wa tatu ni kubaki na injini ya kawaida na kuitunza vizuri. Upepo wa tairi wa kutosha, huduma kwa wakati na dereva asiyekanyaga mafuta kwa hasira huokoa fedha bila mtambo mpya. Wamiliki wengi hupuuza njia hii kwa sababu haina mvuto, ingawa ndiyo pekee isiyohitaji mkopo.

Barabara ya kusini inasemaje?

Barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga ina tabia mbili. Kutoka Likoni hadi Ukunda, kilomita 30 hivi, kuna steji nyingi, matuta, abiria wa kushuka kila kona, na mwanzoni kabisa foleni ya feri ya kuvukia Mombasa, ambako injini huunguruma gari likiwa limesimama. Kutoka Ukunda kupita Msambweni na Ramisi hadi mpakani, mwendo ni mrefu na vituo ni vichache. Barabara ya Dongo Kundu nayo inaongeza safari za mwendo mrefu bila kusimama kwa wanaoikwepa feri.

Tukadirie matatu yetu ya dizeli. Kila inaposimama kutoka kilomita 50 kwa saa, hutupa kazi iliyogharimu kama mililita 27 za dizeli. Tuseme mseto wa hewa unarudisha nusu. Ikisimama mara 40 kati ya Likoni na Ukunda, imeokoa lita nusu katika safari inayokula lita tatu hivi, yaani sehemu moja ya sita. Kwa bei za mwisho wa 2023, hiyo ni shilingi 100 kwa safari, bila kuhesabu dizeli isiyoungua kwenye foleni ya feri. Mwenye gari anayerudia njia hiyo kutwa angeiona tofauti jioni.

Kutoka Ukunda hadi Lunga Lunga hesabu inageuka. Vituo kumi katika kilomita 65 huokoa kama mililita 135 kati ya lita sita na nusu. Ni asilimia mbili, na uzito wa mtambo wenyewe unaweza kuimeza. Kwa hiyo anayeuliza kama mseto wa hewa unaokoa mafuta hapewi jibu moja. Ukunda kwenda Lunga Lunga, hauokoi. Kati ya Likoni na Ukunda, unaokoa.

Sasa tuulinganishe na umeme kwenye kipande hicho hicho kinachoufaa. Gari la betri la ukubwa wa matatu linalokula uniti 30 kwa kilomita 100 lingetumia uniti 9 kutoka Likoni hadi Ukunda. Kwa shilingi 16, ni shilingi 144 kabla ya tozo, dhidi ya dizeli ya shilingi 600. Mseto wa hewa unapunguza bili ya mafuta kwa shilingi 100; betri inaipunguza kwa mia nne na zaidi. Mseto ungeshinda tu kama bei ya kuufunga ingekuwa sehemu ndogo ya tofauti ya bei kati ya gari la betri na la dizeli. Hilo linawezekana kwa nadharia. Kwa vitendo, bei haipo kwa sababu bidhaa haipo.

Kwa vyombo vidogo, jibu ni jepesi zaidi. Bodaboda haina mahali pa kuweka mtungi wa maana, na betri ya kubadilishana imekwisha kuingia Mombasa. Tuktuk za Diani huzunguka karibu, huenda polepole na husimama mara nyingi, na ndizo zinazofanana zaidi na magari ambayo MDI iliahidi. Lakini safari fupi ndizo zinazoifaa betri pia, na tuktuk inaweza kuchajiwa usiku kwa umeme wa nyumba bila kompresa ya mgandamizo mkubwa.

Nafasi halisi iliyobaki ni ya vyombo vizito vinavyosimama sana: lori la taka, tingatinga linalokwenda mbele na nyuma kutwa, labda trekta na malori ya mashamba ya miwa ya Msambweni. Huko betri ni ghali na nzito, mafundi wa haidroliki wapo, na magari mengi makubwa tayari yana kompresa na mitungi ya breki za upepo. Lakini tusidanganyike: mitungi hiyo ya breki ina mgandamizo mdogo, kama bar 8 hadi 10, na haiwezi kugeuzwa ghala la kusukuma lori.

Vikwazo visivyo vya fizikia

Hata teknolojia nzuri huhitaji kundi la watu nyuma yake. Betri ya lithiamu imebebwa na viwanda vya simu, kompyuta, pikipiki na magari kwa pamoja; kila mmoja akipunguza gharama, wote hufaidi. Mtungi wa hewa wa gari haukuwahi kupata wabebaji hao. PSA ilipoondoka, hakuna kampuni nyingine kubwa iliyoendelea na mradi huo hadi sokoni.

Kwa mnunuzi wa Kwale hilo lina maana ya moja kwa moja. Gari lisilo na kundi halina spea, halina fundi, halina bima inayolielewa, na siku ya kuliuza halina mteja. Sekta ya kupiga mbizi ya Diani ina watu wanaojua kompresa na mitungi ya bar 200, na hao ni mtaji wa kweli wa ujuzi. Lakini ujuzi wa kujaza mitungi hautengenezi soko la magari.

Muhtasari na hukumu

Kwanza, gari linalojijaza upepo lenyewe halipo na haliwezi kuwepo. Pili, gari la hewa tupu linawezekana, lakini hubeba kawi kidogo na hula umeme maradufu ya gari la betri. Kwa safari ya Msambweni hadi Likoni na kurudi halitoshi. Tatu, mseto wa hewa na mafuta ni wazo zuri kiuhandisi, lenye akiba ya kweli mahali penye breki nyingi na karibu sifuri mahali penye mwendo mrefu. Nne, nafasi yake sokoni imekwisha chukuliwa, mjini na haibridi za betri, na kwa vyombo vidogo na umeme mtupu. Kilichobaki kwa hewa ni magari mazito ya kazi ya kusimama na kuondoka, na hata huko lazima kwanza apatikane mtengenezaji.

Basi chama cha matatu au mwenye tuktuk anayeletewa habari za gari la upepo aulize mambo matatu kabla ya kutoa hata shilingi ya amana: kawi ya kushindilia hewa inatoka wapi na kwa uniti ngapi, gari limepimwa na nani likiwa limejaa abiria, na mtungi utakaguliwa wapi hapa Pwani. Muuzaji asiyejibu yote matatu kwa tarakimu, aachwe aende. Fedha za kupunguza gharama ya safari kusini mwa Likoni kwa sasa zina mahali pazuri zaidi pa kuwekwa: matengenezo ya injini iliyopo leo, na vituo vya kuchajia vya Ukunda na Msambweni kwa ajili ya kesho.